Blanketi la Kiafghani

Kwetu Kigoma mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa bibi yake mzaa mama. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hunyweshwa uji wa pilipili manga, hufunikwa mpaka arobaini iishe, na anayefanya yote hayo ni mama yake. Binti yangu alikwenda kusoma Malaysia, akaolewa huko na kijana wa Kimalei, na alipokaribia kujifungua mimi nilikuwa hapa Umbilo, Durban, nasubiri karatasi za safari zisizotoka. Niliumia, sifichi. Niliona mwanangu yuko mikononi mwa watu wasiojua mzazi anatunzwaje.

Basi nikafuma blanketi. Bibi wa Kizungu wa ghorofa ya chini, ambaye jengo zima tunamwita Granny, ndiye alinifundisha kushika sindano ya kroshia na kuunganisha miraba ya sufu ya kila rangi. Akaniambia kwa Kiingereza blanketi la namna ile huitwa Afghan. Kwa nini? Hajui. Kuna mbwa wa manyoya marefu, naye Afghan. Kuna koti, kuna zulia, yote Afghan. Nilikasirika kwa niaba ya watu nisiowajua. Watu wazima wenye nchi yao, Waingereza wamewageuza blanketi na mbwa. Granny alicheka, akaniongezea chai.

Mume wangu, Mkongomani wa Uvira, hakukosa la kusema.

"Mama watoto, ile inchi iko na joto kupita Durban. Unataka kupika mutoto?"

Nilimwambia aendelee na redio yake.

Ndani ya kifurushi niliweka kadi. Niliandika kwa Kiingereza, kwa maringo ya neno jipya, kwamba Afghan hii ni ya mjukuu wetu, kisha nikaiachia simu iyageuze maneno yawe Kimalei. Kifurushi kilipofika, binti yangu alinipigia akicheka huku ameshika tumbo. Simu ilikuwa imeandika "orang Afghan", na mama mkwe wake ameuliza, kwa adabu kabisa, huyo Mwafghani anafika lini, amtandikie wapi. Akanieleza kwamba Wamalei wakitaja mtu wa taifa lolote hutanguliza orang, yaani mtu. Blanketi ni selimut, na la kufumwa ni selimut kait, basi. Nililipenda hilo. Mtu kwanza, kama sisi tunavyosema Mwafghani. Nikampenda kidogo na yule mama aliyekuwa tayari kumtandikia kitanda mgeni asiyemjua.

Mapenzi yenyewe hayakudumu. Mtoto alipozaliwa, niliuliza kama wamemfunika blanketi langu. Binti yangu alisitasita.

"Mama, usikasirike. Mama mkwe amekataa. Anasema mtoto atatoka vipele vya joto."

Nilikata simu. Nikakaa jikoni nikilia kama niliyefiwa, si kwa ajili ya blanketi, bali kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichoweza kumpelekea mwanangu. Mume wangu hakunicheka safari hii. Aliichukua simu, akapiga yeye kwa video, akanishikisha.

"Ongea na mutoto wako. Acha kiburi."

Feni kule ilikuwa imezimwa. Binti yangu amelala, miraba yangu imemfunika toka miguuni hadi kiunoni, jasho linamtiririka. Mama mkwe wake ameketi kando yake, anamkanda tumbo kwa jiwe la moto lililofungwa kitambaani. Binti alipochomoa mguu, yule mama alimkaripia kwa Kimalei, akaurudisha, akakunja ncha ya blanketi chini ya nyayo zake.

"Mama, mwambie nachemka," binti yangu akalalamika. "Eti mzazi hapigwi na upepo. Eish, siku zote hizi ananifunika."

Alinitazama akingoja nimtetee. Nikamwambia anyamaze, afunikwe.