Robo ya Reinhold

Shemeji yangu Reinhold Weimer hakuwahi kuwa mtu mkubwa. Alizaliwa hapa hapa Nebraska, nyumba ya pili kutoka kiwanda cha sukari, na kila Oktoba baba yake alimtoa shuleni akavune viazisukari, vile kiwanda kinavyovipika kuwa sukari, kama baba yangu alivyonitoa mimi. Mimi niliishia darasa la nne, yeye la sita, na madarasa hayo mawili alinitambia nayo mpaka uzeeni. Lakini kusoma saa tulijifunza wote kabla ya herufi, kwa kuutazama mnara wa mahakama kutoka shambani. Mishale ya saa ile ndiyo iliyotuambia chakula kiko mbali kiasi gani.

Alipofikisha miaka thelathini akapewa kuitunza saa hiyo. Miaka arobaini na minne, kila Alhamisi, alipanda ngazi sitini na nane kwenda kuitia ufunguo. Magurudumu ya saa yalimla nusu ya kidole, akasema, "Nimelipa karo." Akamzika mke, akastaafu kiwandani, magoti yakamwisha. Alhamisi haikumkosa.

Mwaka jana baraza la mji likasema saa ishushwe, kiwekwe kibao cha taa chenye tarakimu. Sababu? Vijana hawawezi kuisoma. Hawakusema vijana wafundishwe. Siku hizi mtoto akishindwa kutafuna hangojwi aote meno. Nyama inapigwa marufuku. Mji huu unanuka kiwanda cha sukari kuanzia vuli, na bado nilipomuuliza msichana wa mkahawani sukari inatokana na nini alinijibu, "Na pakiti, Bibi."

Reinhold akaenda kwa karani wa baraza, Kaylynn, aombe kusikilizwa kabla ya kura.

"Mkutano unaanza saa kumi na mbili jioni, Mzee. Habari ya saa tutaifikia baadaye. Wewe unataka uje saa ngapi?"

"Saa moja kasorobo. Nitakuwa nimeshakula."

Kaylynn akaandika vivyo hivyo, na tangazo likabandikwa mlangoni kama sheria inavyotaka: kura ya saa, saa moja kasorobo.

Siku yenyewe nilimpikia maandazi ya nyama na kabichi, nikampigia shati pasi. Hotuba alikuwa nayo kichwani.

"Shemeji, usiwatukane," nikamwambia.

"Siwatukani. Nitawaeleza tu wao ni watu wa namna gani."

"Basi hayo ndiyo matusi yenyewe."

Tukapanda ngazi za mahakama polepole, kwa heshima ya magoti yake. Tulipotia mguu ukumbini, juu yetu kengele ikagonga robo ya tatu, mapigo matatu safi. Hatukuchelewa hata pumzi moja.

Mwenyekiti, Trent Hoffert, muuza bima, alikuwa ameshafika kwenye habari za mitaro.

"Mzee Reinhold! Tulikungoja sana. Kura imeshapita. Tano kwa sifuri, inashushwa."

"Imepitaje? Si mlisema kasorobo?"

"Ndiyo. Kasorobo ilipofika, zikiwa zimebaki dakika ishirini na tano, tukakuita. Hukuwepo. Tukakuvumilia kidogo, tukapiga."

"Ishirini na tano?"

Kaylynn akamwonea huruma. Akatoa sarafu kwenye mkoba akaiweka mezani. "Mzee, soma. Imeandikwa robo dola. Hii ni senti ngapi?"

Niliwatazama wale wajumbe watano. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanaitikia kwa vichwa, na mmoja wao ana digrii ukutani. Walikosea kwa umoja, ndiyo maana walifika pamoja.

"Binti," Reinhold akasema, "dola ina senti mia. Saa nayo ina dakika mia?"

Trent akaiuliza simu yake chini ya meza. Nikaona masikio yakimwiva.

Hapo ndipo hotuba ilipotakiwa. Lakini Reinhold alikuwa amekaa, anakikunjakunja kile kidole kifupi. Basi nikasimama mimi wa darasa la nne.

"Kaylynn, mwanangu, umeandika kura ilipigwa saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja."

"Na hiyo kengele iliyogonga sisi tukiingia, ilisema nini?"

Wakatazamana. Umri wao wote wanaisikia, wakidhani ni pambo.

"Ilisema kasorobo. Mmepiga kura dakika nne kabla ya tangazo lenu wenyewe."

Wakili wa mji, aliyekuwa anasinzia pembeni, akafumbua jicho moja. "Bibi amesema kweli. Hiyo kura ni batili. Irudiwe mwezi ujao."

Mwezi mzima mji ulicheka. Watu waliwawekea Trent na wenzake robo dola mezani mkahawani, wakiwaambia, "Shika dakika ishirini na tano, bwana." Mimi sikuwakataza. Watu hawakosi akili siku hizi; wanakosa aibu. Zamani asiyejua alichekwa, akaenda kujifunza. Sasa anachekwa anayejua, akanyamaza. Kaylynn alikuwa na aibu, Mwenyezi Mungu ambariki: Alhamisi mbili alipanda ngazi zote sitini na nane nyuma ya Reinhold, na kucha zake zile ndefu za rangi, akashuka anajua kusoma saa.

Kura ya pili ilikuwa tatu kwa sifuri, isishushwe. Saa imebaki, na ufunguo bado uko mfukoni mwa Reinhold.

Wale wawili wengine hawakupiga kura. Tangazo safari hii lilisema saa moja na robo. Wakaja saa moja na dakika ishirini na tano, wote wawili kwa pamoja, wakatukuta tunakunja viti.