Mbinu za Vita kwa Wakulima wa Viazi

Ukutani kwangu, pale mtaa wa Ramadhani mjini Njombe ninapotengeneza kompyuta na kutoa fotokopi, nilibandika karatasi yenye mbinu kumi na mbili. Zilikuwa mbinu za mchezo wa vita vya kale. Unaanza na wanakijiji watatu na jengo moja, unakata miti, unalima, unachimba mawe na dhahabu, unapanda kutoka zama moja hadi nyingine, halafu unakwenda kumchoma moto jirani yako. Mchezo haukungojei. Wakati wewe unalima, mwenzako naye analima, au yuko njiani anakuja. Nilikuwa na mashine tano nilizoziunganisha kwa waya, na wateja wangu walikuwa watu wazima wenye heshima zao. Zile mbinu niliziandika kwa huruma, maana sijapata kuona watu wanaojua kulima vizuri namna ile na kufa kijinga namna ile.

Mbinu ya kwanza ilisema: acha kulima. Niliiandika kwa ajili ya mzee mmoja wa kanisa, mkazi wa Mjimwema, aliyekuwa akija kila Jumamosi mchana na miwani yake kwenye mfuko wa shati. Mpe nusu saa, utamkuta na mashamba arobaini yaliyonyooka kama yamepimwa kwa kamba, wanakijiji wameinama, ghala limejaa ngano, na askari hana hata mmoja. Ukimwambia adui anakuja, anakuuliza kama mchezo una dawa ya kuzuia mavuno yasibunguliwe. Rafiki yake, bwana shamba mstaafu, alikuwa na ugonjwa mbaya zaidi. Huyo aligoma kukata msitu mpaka aonyeshwe pa kupanda miche. Nilimweleza kwamba humu ndani mti ukikatwa umekatwa, hakuna kupanda mwingine. Akavua miwani, akasema waliotengeneza mchezo huu hawana watoto. Alichomwa moto akiwa bado zama ya kwanza, na mbao zake zilitosha kibanda kimoja tu.

Mbinu ya tano ilihusu makuhani. Katika mchezo kuna kuhani anayesimama mbele ya askari wa adui na kuimba, na askari yule anageuka kuwa wako. Wateja wangu ni Walutheri wa kuzaliwa, na jambo hili liliwaudhi. Mzee wa kanisa alisema mtu haongoki kwa sekunde kumi, lazima kwanza apate mafundisho. Kwa hiyo kuhani wake alikaa tu mlangoni akilinda jengo. Kuhani wa upande wa pili hakuwa na habari na mafundisho. Alikuja akaimba, na wakulima wa mashamba yote arobaini wakamfuata na majembe yao mabegani.

Watu wa Makambako hawakuwa bora, ila walikuwa na kelele zaidi. Makambako ni njia panda: anayekwenda Mbeya anapita, anayetoka Songea anapita, na reli nayo inapita. Mtu aliyekulia pale anaamini kila kitu duniani siku moja kitapita mbele ya banda lake, kazi yake ni kusubiri na mzigo mezani. Basi hata kwenye mchezo walijenga soko kabla ya kambi ya askari. Adui akitokea kilimani, wao wanaangalia mawe yamepanda bei au yameshuka.

Kinara wao alikuwa kaka yangu. Ni mkubwa kwangu kwa miaka saba, na ana duka la vifaa vya ujenzi Makambako. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwekea mchezo kwenye kompyuta ya dukani, nikaujutia uamuzi huo, maana tulipocheza kupitia mtandao alinipiga kila mara. Hakuwa na mbinu. Alikuwa na mali tu, na mwenye mali anaweza kukosea mara kumi na bado akasimama, wewe ukikosea mara moja umekwisha. Akishinda alikuwa akinitumia ujumbe wa neno moja: lala. Karatasi yangu ya mbinu aliiita katekisimu ya washindwa.

Baba alipofariki alituacha na mama yetu, nyumba ya Mjimwema, na shamba la miti ya paina pembeni ya nyumba, miti ya miaka tisa. Baba aliipenda miti ile kuliko alivyotupenda sisi, nasema hivi bila uchungu. Aliipogoa kwa mkono wake, na kila mgeni alitembezwa huko kabla ya kupewa chai. Alikuwa akisema miti isiguswe mpaka ifikishe miaka kumi na minane. Tulipokaa kikao cha ukoo baada ya matanga, kaka akasimama akasema anaona miti ikatwe sasa.

Kwetu mdogo habishani na mkubwa mbele ya shangazi. Unaweza kuwa na digrii, unaweza kuwa na mvi, utakaa kwenye benchi utasema ndiyo kaka. Nilikaa, nikasema ndiyo kaka. Shangazi yetu mkubwa, dada yake baba, aliniona uso. Akasema kikao hakitaamua, tukubaliane kwanza sisi wawili, na neno litakaloletwa ndilo litakalofuatwa. Mjane hasemi katika kikao cha namna ile, na wala hakuna aliyemuuliza mama.

Nilipotoka pale nilifanya jambo ambalo mdogo hufanya akishindwa kusema mbele za watu: nilikwenda kusema pembeni. Nilimfuata shangazi jikoni nikamwambia kaka ni mfanyabiashara, ameona mbao, hajaona kaburi. Nilimwambia anataka kumuuza baba. Nililipenda sana lile neno, nikalirudia kwa binamu wawili.

Wiki mbili tukanuniana. Halafu nikampigia simu. Nilimwambia kwenye kikao mimi ni mdogo, lakini kwenye kompyuta sina kaka. Tucheze mchezo mmoja, atakayeshinda ndiye ataamua miti. Alicheka, akasema atakuja Jumapili baada ya ibada. Tulikubaliana tusimwambie mtu. Mama aliambiwa tu kwamba wanawe wanakutana kupatana, akafurahi, akasema tukimaliza twende tukale kwake.

Ile wiki sikulala vizuri. Nilizipitia mbinu zangu zote kumi na mbili, nikaona hakuna hata moja ya kumpiga mtu mwenye mali kama yake. Ndipo nikakumbuka ya kumi na tatu, ambayo sikuwahi kuiandika kwa sababu ilimhusu yeye peke yake.

Tulipokuwa wadogo mama alikuwa akitugawia mistari shambani. Wewe wako huu, kaka yako ule, na hakuna anayetoka mpaka mstari wake umeisha. Inyeshe mvua, upige ubaridi wa Juni vidole visikie maumivu, mstari unamalizwa. Mimi nilikuwa natoroka. Nilikuwa na tumbo la kuuma siku za palizi. Kaka hakutoroka hata mara moja, na mara nyingi akimaliza wake alirudi akamaliza na wangu. Sasa katika mchezo kuna kengele. Adui akija unaigonga, wakulima wote wanaacha majembe na kukimbilia ndani. Katika michezo yote niliyocheza na kaka, sikuwahi kusikia kengele yake wakati ngano imeiva.

Jumapili alikuja na suti ya kanisani, akakaa mashine ya pili, akaomba mto wa kukalia. Nilifunga mlango. Tulicheza saa nzima na zaidi bila kuongea. Alijenga soko, kama kawaida. Akalima, akalima, akazidi kulima. Mimi nilijinyima kila kitu nikafuga farasi. Niliwaficha wapanda farasi thelathini nyuma ya msitu wake mwenyewe, nikangoja mashamba yake yaive, kisha nikawaachia.

Alikuwa na muda wa kutosha wa kugonga kengele. Niliuona mkono wake ukienda kwenye mausi, ukasimama.

"Wamalize mstari kwanza," alisema, taratibu, kana kwamba wanamsikia.

Hawakumaliza. Walilala pale pale kwenye ngano, mmoja baada ya mwingine, na mimi nilicheka. Nasema ukweli: nilicheka kwa sauti, nikapiga meza. Kila shamba lililoteketea niliona ni ile benchi ya kikao na ile ndiyo kaka. Alipoona hana mkulima hata mmoja alisukuma kibodi mbele.

"Basi. Umeshinda. Miti ibaki."

Tulikwenda Mjimwema kwa gari lake. Mama alikuwa ametuandalia viazi vya nazi na kuku, chakula ambacho yeye hakipiki ila akiwa na sherehe moyoni. Nilinawa, nikakaa, na hata kabla ya sala nikamwambia: tumekubaliana, mama, miti ya baba haitaguswa. Nilitegemea machozi. Alikuwa ameshika mwiko. Alinipakulia, akampakulia kaka, akafunika sufuria.

"Kama mmekubaliana," alisema.

Halafu akatuomba radhi kwamba viazi vina maji, kwa kuwa ni vya kununua sokoni.

Tulipokwisha kula kaka alinitoa nje. Tulisimama kwenye uzio, miti mbele yetu, na pale chini kivuli kizito, halioti hata jani. Aliniuliza kama nakumbuka tulikuwa tunapalilia wapi zamani. Nilimwambia shambani kwa mama. Akaniuliza shamba hilo liko wapi. Nikafungua mdomo kumwonyesha, na kidole changu kikaenda kwenye paina.

Nilikuwa Dar es Salaam mwaka ule miti ilipopandwa, lakini hicho si kisingizio, kwa sababu nilirudi nikatembezwa, nikasifia. Baba alichukua shamba la viazi la mama akapanda miti yake, hakumuuliza, kama ambavyo hakumuuliza mambo mengi. Miaka tisa mama amekuwa akinunua viazi kwa debe, yeye aliyekuwa akiwagawia majirani. Baba alipozikwa, kaka alinieleza, mama alimwita chumbani akamwomba amrudishie shamba lake. Akamwapisha asiseme kwamba yeye ndiye aliyeomba, maana mjane anayekata miti ya mumewe kabla kaburi halijajengewa, watu watasema alikuwa anamngojea afe. Kaka akakubali kuitwa mfanyabiashara. Kucheza nami alikubali akijua hajawahi kupigwa, aone kama atanifunga mdomo bila kuvunja kiapo.

"Sasa kiapo nimekivunja," alisema. "Na ulishinda wewe. Utakwenda kwa shangazi mwenyewe."

Nimeshinda michezo mingi pale Ramadhani, na nimewacheka watu wengi waliochomwa moto wakiwa wamekumbatia ngano. Nyani haoni kundule. Ile wiki nzima nilitamani nisingekuwa na farasi hata mmoja.

Kikao kilipokaa, nilisimama kabla ya kaka, jambo ambalo peke yake ni utovu wa adabu. Nikasema nataka miti ikatwe. Shangazi akanigeukia.

"Si wewe uliyenifuata jikoni ukaniambia kaka yako anataka kumuuza baba yenu?"

"Ni mimi, shangazi."

"Na leo?"

"Leo mimi ndiye ninayetaka."

Akauliza sababu. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango, kitenge kimefika kwenye nyusi, akitazama mikono yake. Sikuwa na sababu ninayoweza kuitaja. Nikasema nina shida zangu. Binamu wale wawili wakatazamana. Shangazi akasema kumbe marehemu hakuzaa wana, alizaa wafanyabiashara wawili, na mdogo ndiye mwenye haraka zaidi, hata mwaka haujaisha. Alisema na mengine, kwa Kibena, ambayo kwa Kiswahili yangepungua ukali. Niliyasikiliza yote nimesimama. Kaka aliniacha nichemke vya kutosha, kisha akainuka, akafunga kifungo cha koti.

"Mdogo wangu amesema. Mimi nakubaliana naye," alisema, na sijui alijizuiaje kutabasamu.

Miti ilikatwa kabla ya mvua. Hadi leo kuna watu Mjimwema wanaonisalimia kamwene huku wakitazama pembeni, na mzee wa kanisa hajaja tena Jumamosi. Nimeondoa ile karatasi ukutani, si kwa toba, bali kwa sababu walioihitaji wameacha kuja.

Mvua za kwanza ziliponyesha nilikwenda kumsaidia mama. Alikuwa katikati ya visiki na gunia la mbegu za viazi zilizokwisha kuchipua, akipima kwa macho mstari upite wapi. Nilifanya kazi mpaka mgongo ukaniuma, kisha nikamuuliza swali nililokuja nalo: kwa nini alimwambia kaka, hakuniambia mimi ninayekaa naye mji mmoja, mimi ninayemjulia hali kila wiki.

Hakuacha kupanda.

"Wewe ungeniambia baba yako alisemaje juu ya miti."

Kisha akanyoosha mkono, akaniambia nimsogezee gunia.