Tumbo Joto la Waithaka

Huyu Waithaka, mtoto wa ndugu yangu, anauza vitambaa kule Ngara, na mdomo wake hauna breki. Lakini jambo zito likimkabili, tumbo linaanza kunguruma. Siku ya mtihani wa kuendesha gari alishuka akaingia kichakani, usukani akamwachia mwalimu. Kwetu hofu hiyo tunaiita tumbo joto, na mwenyewe ni yeye.

Basi tukaenda Uthiru kwa kina Waceke, mchumba wake, kumaliza mambo ya ruracio, yaani mahari. Si mnajua desturi, bibi harusi anafichwa kati ya wenzake, wote wamefunikwa leso kichwa mpaka miguu, na bwana harusi amtoe wake. Akikosea, faini ni mbuzi, na aibu haiishi. Waithaka alikuwa anatoka jasho asubuhi yote.

"Tata, nikimkosa je?" akaniuliza mimi shangazi yake.

"Ukimkosa usirudi na mimi," nikamwambia. Alikuwa ameniudhi.

Mama Waceke naye akamletea kibuyu cha uji uliochacha. Huo haukataliwi, kuukataa ni kumkataa msichana. Akaumaliza wote, mjinga huyu.

Wasichana wakapangwa. Waithaka akampita wa kwanza, akampita wa pili, tumbo likanguruma mpaka wazee wakageuka. Akashika suruali, akawapita wote mbio, akapotelea nyuma ya nyumba.

"Amewakataa wote," mzee mmoja akasema. Baba ya Waceke akaweka kikombe chini, akasimama. Mimi naeleza ni tumbo tu, nani ananisikiliza? Nilitamani ardhi inimeze.

Mara leso moja ikatoka kwenye mstari. Ikachukua jagi la maji moto, ikagonga viti viwili, ikaelekea nyuma. Tukaifuata sote, wazee na mpiga picha.

Ikabisha mlango wa choo. "Waithaka, uko sawa?"

"Waceke, niko vibaya. Hebu niambie umesimama wapi."

"Nimesimama hapa."

Mlango ukafunguka. Waithaka, aliyekwisha kumjua kwa sauti, akamfunua leso papo hapo, macho yamemtoka, na sisi wanawake tukapiga vigelegele.

Wazee wetu wakaruka: bibi harusi ametoka mstarini, faini walipe wao. Baba ya Waceke akamuuliza binti yake kwa nini hakuvumilia kidogo.

"Baba, mtu anaogopa kunikosa mpaka anaharibika tumbo, halafu nimwache huko peke yake?"

Mzee akamtazama Waithaka, kisha akaagiza tuletewe mbuzi.