Tuliomba tangi libaki: nilivyoshirikishwa kwenye ukarabati wa kiwanda Guangzhou

Wakuu, heshima zenu.

Naona siku hizi kila mradi una "ushirikishwaji wa vijana", nikaona nisife na hii. Ni kweli tupu. Asiyeamini apite tu.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Guangzhou, nasoma kwa skolashipu. Kule Liuhua, nyuma ya masoko ya nguo za jumla, kulikuwa na kiwanda cha kutia rangi vitambaa kilichotelekezwa. Humo walijichimbia vijana wa Kichina wapenda roki. Nywele ndefu, jaketi za ngozi, na joto lile!

Majirani waliwaita wahuni. Mimi walinipokea kwa sababu nacharaza gitaa la besi.

Tulipigia ndani ya tangi la zege, kavu, kubwa kama darasa. Mlio wake, wakuu, acheni tu. Mpiga dramu wetu, A-Wei, alishafukuzwa kila chumba alichopanga kwa sababu ya kelele. Mji mzima, ni kwenye lile tangi tu alipoweza kupiga.

Basi wakaja wataalamu wa mipango miji. Kiwanda kinageuzwa kituo cha biashara na utamaduni, na wao kwa ukarimu wao hawataki kumwacha mtu nje.

Tukaitwa kikaoni. Chai, machungwa, na ramani mezani imeshagongwa mhuri.

"Vijana, semeni mnataka nini," akasema mwenyekiti.

A-Wei akasimama, kaazima shati. "Tangi libaki. Hatutaki kingine."

Wakapiga makofi, tukapigwa picha.

Nikamsimulia kaka Elias, mfanyabiashara wa viatu kutoka Mwanza. Alicheka mpaka akatua mzigo.

"Mdogo wangu, laoban akikuuliza maoni na ramani ina mhuri, we hama."

Laoban ni bosi. Nikamwona kaka Elias hajui mambo, si mimi ndiye msomi?

Siku ya ufunguzi A-Wei alikuja na vijiti vyake vya dramu. Tangi tulilikuta. Limesafishwa, limepakwa bluu, limejazwa maji, na samaki wekundu wanajiogelea kwa raha zao. Juu yake kibao: "Kona ya Utamaduni wa Vijana".

Mwenyekiti akatushika mabega. "Mlisema libaki. Si limebaki?"

A-Wei akauliza kama tunaweza kupigia hata pembeni.

"Hapana. Kelele zitasumbua samaki."

Iliniuma sana, wakuu, na inaniuma mpaka leo. A-Wei aliuza dramu, akanyoa nywele, na baadaye wakampa kazi pale pale, ya kulisha samaki. Ushirikishwaji ukakamilika.

Nilichojifunza: ukiulizwa maoni, usiombe jengo libaki. Omba watu wabaki.

Mliowahi kushirikishwa namna hii, shusheni yenu hapa chini. Wataalamu wa mipango miji nanyi karibuni, ila leo msituulize tunataka nini.