Faili la Zdravka

Fundi wetu wa kompyuta hapa stesheni hagusi mashine kabla ya kuiuliza ilivyo: ukubwa wa herufi, rangi, idadi ya mistari. Majibu huyahifadhi kwenye faili lenye jina lako, ndipo anatema ganda la mbegu ya alizeti na kuanza kazi. Akimaliza, hukurudishia skrini vilevile, hata ile ya zambarau ya mkuu wa stesheni tunayoicheka. Jumanne Zdravka, mkatisha tiketi, alifungua kwenye kompyuta yake faili lisilopaswa kufunguliwa, skrini ikajaa alama zisizosomeka, na treni ya kwenda Sofia ilikuwa imebakiza dakika kumi kuondoka.

"Bibi, umeifanya nini tena?" fundi aliuliza.

"Uzee wake huo, si wangu."

Foleni ikacheka. Fundi akaandika amri bila kuona hata herufi moja, vidole vikienda kama vinasuka, na skrini ikatakata. Zdravka, ambaye miwani hataki hata kuisikia na siku zote husoma pua ikikaribia kugusa kioo, akaketi wima.

"Mbona herufi zimekuwa kubwa?"

"Nimezirudisha zilivyokuwa," alisema fundi, akitafuta mbegu mfukoni.

Jioni nilichungulia faili la Zdravka. Kipimo cha zamani cha herufi kilikuwa kimefutwa, na kikubwa kimeandikwa mahali pake.