Soketi Iliyobaki Kulia

Saa mbili asubuhi, Toktosun Jeenbaev yuko chali chini ya dashibodi ya gari la mteja, miguu yake iko nje kwenye baridi ya Novemba. Anatafuta kwa vidole. Dakika moja haijaisha, amechomeka waya na kisomaji chake cha hitilafu za injini kimewaka.

Ana miaka 59, fundi wa hapa Bishkek. Magari mengi ya mtaani kwake yalitoka Japani na usukani kulia, ukahamishiwa kushoto. Soketi ya kupimia injini huachwa palepale ilipokuwa.

"Vijana hupapasa chini ya usukani, kisha humwambia mwenye gari kwamba halina soketi," anasema. "Ndipo naitwa mimi."

Kwa kila gari hulipwa som 500, kisha hurudi kwenye kontena analolifanya gereji kunywa chai peke yake. Mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Binti yake wa pekee, Aizirek, yuko Urusi mwaka wa saba sasa. Huongea kwa simu kila Ijumaa, dakika tano.

"Umekula? Nimekula. Baridi? Baridi. Basi," anasimulia.

Leo ni Jumanne, lakini simu yake inaita.

"Baba, taa ya injini imewaka, gari linatetemeka. Nipo Balkhash."

Toktosun anakaa kitako. Balkhash ni mji ulio njiani kuja nyumbani. "Unakuja? Mbona hukusema?"

"Nilitaka nikushtukize. Sasa naona nigeuze tu. Likizo yenyewe siku nane, nitazimalizia gereji."

"Usigeuze! Kisomaji nilichokupa kiko wapi?"

"Kipo. Hata nailoni sijatoa."

"Haya, papasa chini ya usukani."

"Hakuna kitu, baba."

"Papasa vizuri, mvivu wee!"

"Hakuna! Nyaya na vumbi tu."

Toktosun anajipiga kofi kwenye paji la uso. Usukani wa gari lile aliuhamisha kwa mikono yake, wiki moja kabla binti hajaondoka.

"Aizirek, nenda upande wa abiria. Chini kabisa."

"Kumbe aliyeificha ni wewe!" Anacheka. "Nimeipata."

"Chomeka. Washa swichi, injini usiwashe. Inasemaje?"

"P0171."

"Hewa inapenya mahali. Fungua boneti, fuata bomba nene linalotoka kwenye chujio la hewa."

"Limechomoka, baba!"

"Lirudishe, kaza klipu. Futa hiyo namba, halafu washa."

Injini inanguruma simuni, laini. Toktosun anaisikiliza akiwa amefumba macho. Hakuna anayekata simu. Wanaongea dakika arobaini na moja.

Atafika kesho. Toktosun anafuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Kwanza nitampeleka kaburini kwa mama yake, hajaliona," anasema. "Kisha nitamwomba abaki. Miaka yote hii sijamwomba. Nilidhani anajua."