Mwalimu wa Video na Herufi R

Zamani kule Sultan Hamud nilinunua dawa ya jino kwenye gari lenye kipaza sauti. Niliuliza kama inamezwa, kumbe kinachoongea ni kaseti. Jino lenyewe liling'oka baadaye bila dawa, lakini hayo tuyaache.

Uzeeni nikaingia ngumbaru, darasa la watu wazima, pale Matiliku, nijifunze kusoma Biblia kanisani bila kuchekwa. Sisi Wakamba, r ikifika mdomoni inageuka l. Mwalimu wetu, mama mmoja mkali, alikuwa ananisimamisha hapo hapo: "Mzee, ni kura, si kula! Njaa imekushika?"

Mama akahamishwa, tukaletewa masomo ya video. Mwalimu wa video anasema "kura", ananyamaza tumfuate, kisha anatabasamu: "Vizuri sana!"

Nikamshuku. Siku moja nikasema "kula" kwa nguvu.

"Vizuri sana!"

Nikasema "mbuzi".

"Vizuri sana!"

"Mzee, wacha fujo, tunasoma," akasema mama wa kiti cha mbele.

"Mnasomeshwa na nani? Huyu hata hatusikii."

Nikachukua kofia na Biblia yangu, nikatoka. Sijarudi tena.